Nyota moja ao nyota nne? Chata, shule za wilaya na karatasi ya Mama Espe

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa nimetoka shifti ya usiku ghalani, macho mazito, nataka nipige chai nilale, mara hodi mlangoni. Mama Espe. Jirani yetu huyu ni Mkongo wa Fizi, kakaa kambini Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku Ohio, kwa hiyo tunaitana watu wa nyumbani ingawa mi ni wa Tanga na Tanga na Kigoma ni ncha mbili za nchi. Mkononi ana karatasi imekunjwa mara nne.

"Baba Zuu, unisomee hii. Shule ya Espe iko na nyota moja. Moja tu! Ni shule mubaya?"

Nikamwambia mama ingia kwanza, ukae. Chai ikaongezwa maji.

Kwa wasiojua, kila Septemba jimbo la Ohio linatoa ripoti ya shule zote zinazolipiwa na kodi, na shule zinapewa nyota, moja mpaka tano, kama vile hoteli. Mama Espe alikuwa ameangalia mstari wa ufaulu, kaona nyota moja kaishia hapo hapo, usiku mzima hajalala. Nikashusha kidole mpaka mstari wa maendeleo. Nyota nne.

"Nne? Sasa ni moja ao ni nne?"

Aisee. Kuna maprofesa wamebishana miaka na miaka juu ya swali hilo hilo, na mama wa watu kaliuliza hata viatu hajavua.

Kilichomleta hasa si nyota lakini. Kuna mama mwenzake kanisani kamwambia amtoe Espe pale alipo ampeleke chata, eti kule ndo watoto wanafaulu. Na kwa vile binti yangu Zuu anasoma chata, nikaonekana mi ndo nna siri. Sasa nimeona niandike tu moja kwa moja, maana hii kitu nimeshaijibu kwenye parking ya msikiti, kwenye magrupu ya watsap, mpaka msibani kuna jamaa alinivuta pembeni kuniuliza.

Tuanze na jina. Chata maana yake ni mkataba. Ni shule ya umma, hulipi ada hata senti, ila wilaya, ambayo ndo inaendesha shule za kawaida za umma, haiiendeshi. Kuna kikundi, mara walimu, mara shirika, mara kampuni, kinapewa mkataba kwamba haya, endesheni mnavyojua nyie, ajirini mnaowataka, pangeni saa zenu, ila watoto wasiposoma au hela zikienda kombo tunafunga. Hela ya kodi inamfuata mtoto alipo. Kwenye sheria za Ohio wala haziitwi chata, zinaitwa shule za jamii, jina ambalo sijawahi kulisikia kwenye mdomo wa mzazi yeyote. Minnesota ndo walianza, sheria mwaka 1991 na shule ya kwanza, City Academy ya St. Paul, ikafunguliwa 1992. Cha kuchekesha ni kwamba mmoja wa waliolipigia debe wazo hili mwaka 1988 ni Albert Shanker, rais wa chama cha walimu, ambaye alikuwa anaota vishule vidogo vya walimu kujaribia mambo mapya, yakikubali yarudi kwenye shule za kawaida, afu alipoona vinageuka kuwa washindani akaanza kuvipinga mwenyewe. Leo zina wanafunzi zaidi ya milioni 3.5 nchi nzima, na ukizitaja mbele ya walimu wa chama jiandae kukesha.

Kabla sijaingia kwenye tafiti niseme na langu. Mi nilipomaliza la saba nilichaguliwa shule ya vipaji maalumu. Mdogo wangu aliyenifuata akaenda shule ya kata, zile za mwanzo mwanzo, ukuta umeisha nusu na mwalimu wa fizikia hakuna. Mi nikafika chuo, yeye akaishia form four, na kwa miaka yote nyumbani ikawa inasemwa "shule ile ilimtoa kaka yako" na mi mwenyewe nikaamini. Mpaka nimefika huku, nimekaa na mambo ya Zuu, ndo nikaanza kujiuliza, hivi wale walikusanya vichwa vya nchi nzima wakaviweka bweni moja, si hata wangetuweka chini ya mwembe tungefaulu? Nani alimfaulisha nani? NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, walipoacha kutangaza zile shule kumi bora, Januari 2023, watu walilalamika sana, mi nilipiga makofi peke yangu jikoni.

Kwa hiyo mtu akiniambia chata wanafaulu kuliko wilaya, au kinyume chake maana wapo pia, swali langu la kwanza ni lile lile: walioingia ni akina nani?

Chata hairuhusiwi kuchagua vichwa. Maombi yakizidi nafasi wanapiga kura ya bahati nasibu. Lakini ili uwe kwenye kura lazima awepo mzazi aliyesikia kuhusu hiyo shule, akajaza fomu kabla ya tarehe, kwa Kingereza, mara nyingi kwenye kompyuta. Huyo mzazi tayari si sawa na mzazi ambaye hajajaza. Labda ndo yule yule anayekagua madaftari usiku. Ukimchukua mtoto wake ukamlinganisha na mtoto wa asiyejaza, unalinganisha shule au unalinganisha wazazi?

Sasa hapa kuna wachumi walipiga akili nzuri kweli. Nakumbuka jioni ile ya kura ya Zuu, mwezi wa tatu, barafu bado imebaki kwenye kona za parking, tumekaa mimi na mama yake tunaangalia simu kama tunasubiri matokeo ya Simba na Yanga. Imeilo ikaingia: kapata. Dakika mbili mbele simu ikalia, jirani wa chini, Msomali, mtoto wake darasa moja na Zuu, maksi zao zinapishana kidogo tu, wazazi wote wawili tulijaza fomu meza moja hapa hapa kwangu. Yeye kakosa. Watoto wawili, wazazi wenye kiherehere kile kile, na kilichowatenganisha ni kompyuta kuokota namba. Wachumi wakasema hao ndo wa kulinganisha. Usiende kutafuta mtoto mwingine mtaani, mchukue aliyeomba akakosa, muweke pembeni ya aliyeomba akapata, wafuatilie miaka.

Walifanya hivyo Boston, kundi la watafiti akiwemo Joshua Angrist wa chuo cha MIT, jamaa ambaye baadaye 2021 alikuja kugawana Nobel ya uchumi kwa mbinu za namna hii hii za kutafuta kipi kimesababisha kipi. Utafiti ulitoka 2011 na majibu yalikuwa makubwa kweli kweli. Watoto waliopata kura walipanda sana, hasa hisabati kwenye madarasa ya kati, na wengi wao ni watoto weusi na wenye asili ya Latini kutoka familia zisizo na kitu. Wazazi wale wale, shule tofauti, matokeo tofauti. Hapo huwezi kusema ni vichwa tu, na kusema kweli ndo utafiti ulionibadilisha kidogo, maana nilikuwa nimeshaamua kwamba shule nzuri ni uongo mtupu na kila kitu ni mchujo.

Ila subiri. Kura inapigwa wapi? Inapigwa kwenye shule yenye foleni. Shule ambayo haina foleni haina kura, na haina wa kulinganishwa nao, kwa hiyo haimo kwenye utafiti. Ni kama upime mapishi ya mamantilie wa mjini mzima kwa kula kwa wale tu wenye foleni saa saba mchana. Utasema mji huu unapika!

Na hata huko huko Massachusetts, watafiti wale wale walipotoka Boston na miji mingine wakaenda kwenye chata za vitongojini kwa wenye uwezo, faida ikayeyuka, kuna mahali mtoto alipata chini kuliko ambavyo angepata akibaki kwao. Mwaka 2010 nao Mathematica, shirika la utafiti, walitoa ripoti ya chata 36 za madarasa ya kati kwenye majimbo 15, zote za kura, na kwa wastani hakuna tofauti. Sifuri. Ila ukipasua ndani, zilizohudumia watoto maskini zilisaidia kwenye hisabati na zilizohudumia watoto wa wanaojiweza zilirudisha nyuma. Mi naona hapa kuna kitu watu wanakiruka: chata inapimwa na jirani yake. Kama shule ya wilaya ya mtaani kwako ni nzuri, ukihama huongezi kitu, unapoteza. Kama imechoka, hata shule ya wastani itaonekana ya maajabu.

(Halafu pamoja na ushahidi wote ule wa Boston, 2016 wananchi wa Massachusetts walipigishwa kura waongeze idadi ya chata au la, asilimia kama 62 wakakataa. Kisa kikubwa ni hela, maana mtoto akihama anahama na hela yake lakini jengo alilotoka bado linataka hita na mlinzi na basi. Simlaumu aliyekataa.)

Sasa ukitaka picha ya nchi nzima, si zile za foleni tu, unaenda kwa CREDO, watu wa chuo cha Stanford. Wao hawategemei kura. Wanamchukua mtoto wa chata wanamtengenezea pacha wa kwenye makaratasi kutoka shule za wilaya ambazo watoto wa hiyo chata hutokea: darasa lile lile, jinsia, rangi, anakula chakula cha bure au hapana, anajifunza Kingereza au hapana, na maksi za kuanzia zile zile. Mwaka 2009 walitoa majibu yaliyowanyamazisha mashabiki: kwenye hisabati ni asilimia 17 tu ya chata zilizokuwa bora kuliko wenzao, asilimia 37 zilikuwa mbaya zaidi, na zilizobaki hakuna tofauti. Wapinzani wakashangilia. Wakarudia 2013, pengo karibu limezibika. Wakarudia tena wakatoa 2023, data za 2014 mpaka 2019, sasa chata zimepita mbele: siku 16 za kusoma na siku 6 za hisabati kwa mwaka. Mashabiki nao wakashangilia.

Hizo "siku" nazo ziangalie vizuri. Mwaka wa shule wanauhesabu siku 180, kwa hiyo siku 16 ni kama mtoto kasoma wiki tatu na ziada. Ukisikia hivo unaona mengi. Lakini hakuna mtoto aliyesoma wiki tatu za ziada, ni tofauti ndogo sana ya maksi iliyobadilishwa kuwa siku ili mimi na wewe tuielewe, na wapo wataalamu wanaoona ubadilishaji huo unaivimbisha. Na tatizo langu la mwanzo lipo pale pale, pacha wa makaratasi ana maksi na rangi lakini hana mama anayekagua daftari.

Halafu kuna kitu kwenye ripoti ile ile ya 2023 ambacho kinanikera hakisemwi. Chata za onlaini. Mtoto yupo nyumbani na laptopu, shule ipo hewani. Hao walikuwa nyuma siku 58 za kusoma na siku 124 za hisabati. Mia moja ishirini na nne kati ya 180! Kwenye hisabati hiyo si shule, ni likizo ndefu. Na sisi wa Ohio tusijifanye wageni wa habari hizo, maana ECOT ilikuwa ya kwetu, Electronic Classroom of Tomorrow, kati ya shule kubwa kabisa za onlaini Marekani. Jimbo lilipokuja kukagua likakuta shule haiwezi kuthibitisha kwamba zaidi ya nusu ya watoto ambao jimbo lilikuwa linailipa kwa ajili yao walikuwa wanasoma kweli kiasi ilichodai, ikadaiwa irudishe dola milioni 60 za mwaka mmoja tu, na Januari 2018 katikati ya mwaka wa masomo ikafungwa, watoto kama 12,000 wakaambiwa tafuteni pa kwenda. Nilimsikia mtu kwenye redio anasema hiyo ndo uzuri wa chata, zikiharibu zinafungwa. Sawa bwana, lakini ilianza mwaka 2000. Miaka kumi na minane ya kusubiri mkataba ufanye kazi yake, mtoto aliyeanza la kwanza kashamaliza kila kitu.

Kwa hiyo ukichanganya Boston na ECOT kwenye sufuria moja ukakoroga ukapata "wastani wa chata", umepata nini? Mi naona umepata uji ambao hakuna mtoto anayeunywa.

Bora kuuliza zile zinazofanya vizuri zinafanya nini. Wachumi wawili, Will Dobbie na Roland Fryer, waliingia chata kama 40 za New York wakahesabu kila kitu. Idadi ya watoto darasani haikueleza kitu, hela kwa kila mtoto haikueleza kitu. Kilichoeleza ni mambo ya kawaida kabisa: mwalimu anakaguliwa na kupewa maoni mara kwa mara, mitihani midogo inatumika kuamua kesho unafundisha nini, tuisheni ya vikundi vidogo kweli kweli, saa nyingi za masomo, na shule inayotegemea kila mtoto aweze. Mtanzania akisoma hiyo anacheka, tuisheni! Nilimwambia kaka yangu kwenye simu akasema mbona hiyo tuliifanya kwa mwalimu wa hesabu barazani kwake kwa shilingi mia.

Halafu Fryer akachukua mambo hayo matano akayapeleka Houston kwenye shule 20 za wilaya, za kawaida, zenye watoto wale wale wa mtaani bila kura wala fomu. Hisabati ikapanda. Kusoma haikusogea sana, lakini hisabati ilipanda. Kwa mimi hapo ndo mjadala wa jina la mlangoni ulipokufa, maana kama dawa inafanya kazi hata ukiihamishia kwenye chupa nyingine, tuongelee dawa.

Kwa Zuu naiona hiyo dawa. Anaingia saa mbili kasorobo asubuhi anatoka saa kumi jioni. Akibaki nyuma kwenye sehemu, namaanisha zile namba za juu na chini, anatolewa na wenzake watatu wanakaa na mwalimu kwenye meza yenye umbo la figo kona ya maktaba mpaka ieleweke. Wakali pia. Siku moja kakatwa pointi kwa shati kutochomekwa, kaja analia, mama yake akasema mbona sisi tulikuwa tunachapwa, nikamwambia tafadhali hiyo usimuhadithie, ataenda kuisema shule.

Lakini mdogo wake hayupo pale. Ana kigugumizi, si kidogo, akikasirika anaweza kukaa kwenye silabi moja mpaka machozi yakamtoka. Nafasi alikuwa nayo, ndugu wa mwanafunzi wanapewa kipaumbele kwenye kura. Tulimpeleka mwaka mmoja. Mtaalamu wa kuwasaidia watoto kuongea alikuwa anakuja na gari lake siku moja kwa wiki, nusu saa, na theluji ikianguka haji. Hakuna aliyemfukuza mwanangu. Ila kila kikao tulikuwa tunaambiwa kwa upole sana kwamba labda kuna mahali "panamfaa zaidi", na mara ya tatu ukiambiwa panafaa zaidi unaelewa. Shule ya wilaya ya mtaani, ile ile ambayo watu wanaikimbia, ina mtaalamu ndani ya jengo siku tano. Tukamhamisha. Mwezi wa pili alinipigia simu yeye mwenyewe kazini kuniambia wamepewa siku ya mapumziko kwa sababu ya theluji, sentensi nzima, nikajifungia chooni ghalani kidogo.

Sasa piga hesabu. Mwanangu alipotoka chata, wastani wa chata uliongezeka au ulipungua? Na wa wilaya? Hamna mtu aliyefundisha vizuri zaidi wala vibaya zaidi siku ile, kahama tu mtoto mmoja na begi lake.

Haya, Mama Espe. Espe alifika Ohio akiwa na miaka tisa, Kingereza hana, kasoma kambini kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Shule yake ya wilaya ina watoto wengi wa aina yake. Mtihani wa jimbo ni Kingereza. Unategemea nyota ngapi za ufaulu? Ila nyota nne za maendeleo maana yake ni kwamba watoto wale, wakipimwa na pale walipoanzia, wanasogea kuliko ambavyo ingetegemewa. Nilimweleza hivi: mama, watu wawili wanapanda mlima, mmoja kaanzia chini mwingine kaanzia katikati, ukiwapiga picha saa sita nani yuko juu? Akasema yule wa katikati. Na nani katembea sana? Akanyamaza, akanywa chai, akasema, "Lakini mwisho wanaangalia nani iko juu." Nikakosa jibu. Maana ni kweli, chuo hakitamuuliza Espe alianzia wapi.

Nilimshauri asiniamini mimi wala yule wa kanisani, aende akaone. Tukaenda wote Jumanne, mi bila kulala. Pale chata tulizungushwa na dada mmoja mchangamfu, korido safi, bendera za vyuo ukutani, kaongea dakika ishirini. Mama Espe akaniambia niulize: mtoto asiyejua Kingereza anafundishwa na nani? Dada akasema walimu wote wamepata mafunzo. Mama Espe akarudia, nikatafsiri tena: nani, jina lake nani, yuko chumba gani? Dada akasema atatuma imeilo. Kule wilaya, korido ina harufu ya mopu na kengele imeharibika inalia yenyewe, lakini walitupeleka chumbani kabisa, walimu wawili wa Kingereza kwa wageni, na ukutani kumebandikwa karatasi ya Espe yenye sentensi nne kuhusu ng'ombe.

Mama Espe aliisoma ile karatasi kwa kidole, herufi moja moja, mpaka mwisho.

Mtoto kabaki hapo. Ila jina kaliandikisha kwenye kura ya chata pia, sikumkataza, ningemkatazaje wakati wangu yuko kule. Imeilo ya lile swali haijaja mpaka leo. Ya kura imekuja juzi, Espe yupo namba 41 kwenye foleni, na Mama Espe kagonga tena mlango asubuhi kaniuliza arobaini na moja iko karibu ao iko mbali.